Kasoro ya Mwendo na Maumivu ya Farasi: Historia ya Swali Moja katika Mashindano

Tangu mwanadamu alipoanza kushindanisha farasi, thamani ya mnyama huyo imetegemea miguu yake, na kila jamii iliyomfuga ilijiwekea namna yake ya kuikagua. Xenophon, askari na mwandishi wa Kiyunani aliyeishi hadi karne ya 4 K.K., aliandika kitabu juu ya upandaji farasi ambamo alimshauri mnunuzi aanze kutazama kwato kabla ya kichwa au shingo, kwa hoja kwamba nyumba haifai kitu endapo msingi wake ni mbovu, hata ikiwa nzuri namna gani juu. Ushauri huo ulirithiwa na vizazi vingi vya wanunuzi, lakini uliacha bila jibu swali gumu zaidi, nalo ni la farasi ambaye mwendo wake una kasoro inayoonekana na kila mtu aliyesimama kando ya uwanja, na hata hivyo anakula vizuri, anafanya kazi kwa hiari na anashinda. Swali hilo lilijibiwa kwa namna tofauti katika mbio za kasi, katika michezo ya kuhukumiwa kwa macho na katika mbio za masafa marefu, na majibu hayo, hasa yale yaliyotolewa Marekani katika karne ya 20, yanaonyesha jinsi watu walivyochelewa kutambua kwamba kasoro ya mwendo ni jambo moja na maumivu ni jambo jingine.

Ili kulielewa swali lenyewe, ni lazima kwanza kuzitenganisha hatua za farasi. Anapotembea, kila mguu hukanyaga kwa zamu yake, na midundo minne husikika. Anapokwenda matiti, yaani mwendo wa kati unaozidi kutembea lakini usiofikia mbio, miguu hukanyaga kwa jozi za mshazari, wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, hivyo midundo husikika miwili iliyo sawasawa na uzito hugawanyika kwa haki pande zote mbili. Kwa kuwa matiti ni mwendo wenye ulinganifu, dosari ndogo tu huuvuruga: farasi mwenye maumivu katika mguu wa mbele huinua kichwa pindi mguu huo unapogusa ardhi, ili aupunguzie mzigo, kisha hukiinamisha mguu mzima unapokanyaga. Anapokwenda shoti, yaani mbio kamili, miguu hufuatana kwa mpangilio ambao kwa asili huelemea upande mmoja, na kwa hiyo ulemavu ulioonekana waziwazi kwenye matiti waweza kufichika kabisa. Jambo hili la kimaumbile ndilo lililoamua hatima ya farasi wengi, maana mbio za kasi hukimbiwa kwa shoti, ilhali ukaguzi wa afya hufanywa kwa matiti.

Madaktari wa wanyama huongeza tofauti ya pili, ambayo ndiyo kiini cha suala lote. Kuna farasi anayechechemea kwa sababu anaumia, na kuna anayechechemea kwa sababu umbo lake halimruhusu kwenda vinginevyo. Msuli wa nyuma ya paja uliojeruhiwa ukapona kwa kovu gumu, kwa mfano, huuzuia mguu usifike mbele inavyopasa, ukwato ukarudishwa nyuma kidogo na kupigwa chini kwa kishindo katika kila hatua, ingawa kovu lenyewe huenda haliumi tena. Upo pia ugonjwa unaomfanya farasi auvute mguu wa nyuma juu kwa ghafla, pengine hadi karibu na tumbo, kana kwamba amekanyaga kaa la moto, na huko Australia ugonjwa huo umejulikana kuwapata farasi wengi kwa pamoja katika malisho yenye aina fulani ya magugu. Mtazamaji asiyejua huona ulemavu tu, na hawezi kupima kwa jicho kama farasi huyo anateseka.

Mfano mkubwa kuliko yote wa farasi wa aina hii ni Assault, dume aliyezaliwa 1943 katika shamba la King Ranch, kusini mwa Texas. Baba yake, Bold Venture, alikuwa ameshinda Kentucky Derby na Preakness mwaka 1936, hivyo mengi yalitazamiwa kwa mtoto huyo, lakini akiwa bado mdogo alikanyaga kigingi chenye ncha, ambacho husemekana kiliachwa na wapima ardhi, kikapenya ndani ya ukwato wake wa mbele wa kulia. Jeraha lilipona, ila ukwato ulikua ukiwa umepinda na kusinyaa, na mnyama akajizoeza kuuepusha na uzito, mazoea ambayo hayakumtoka hata baada ya kidonda kufunga. Alipotembea alichechemea, alipokwenda matiti alichechemea zaidi, na watu waliomwona akitoka bandani kwa mara ya kwanza walikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba anapelekwa kwa daktari. Mkufunzi wake, Max Hirsch, ambaye pia alikuwa amemfundisha Bold Venture, aligundua baada ya muda kwamba farasi huyo akifunguliwa hatamu na kuanza shoti, kuchechemea kote kulikoma.

Shida ya kila siku ilikuwa kumvisha kiatu. Kiatu cha farasi ni upinde wa chuma unaogongomewa kwa misumari inayopita katika ukuta wa ukwato, sehemu ngumu ya nje isiyo na hisia, sawa na ukucha wa mtu, na mhunzi mwenye mkono mzuri hujua ni wapi ukuta huo ni mnene wa kutosha kushika msumari bila kufika kwenye nyama. Katika ukwato wa kulia wa Assault ukuta ulikuwa mwembamba mno, hivyo misumari haikuwa na mahali pengi pa kushika, na ilibidi kiatu kitengenezwe kwa namna yake maalumu kisha kitiwe kwa uangalifu mkubwa. Historia ya mbio za farasi huwataja wamiliki, wakufunzi na wapanda farasi kwa majina, na mhunzi akasahaulika, ilhali katika habari ya Assault haikosi haki kusema kwamba kila ushindi wake ulipitia mikononi mwa mtu aliyeinama chini ya tumbo lake akiwa na nyundo.

Tarehe 4 Mei 1946, akiwa amepandwa na Warren Mehrtens, Assault alishinda Kentucky Derby kwa tofauti ya urefu wa farasi 8, tofauti ambayo hakuna mshindi yeyote wa mbio hizo aliyewahi kuizidi hadi wakati huo. Juma moja baadaye alishinda Preakness, safari hii kwa tofauti ya shingo tu, na tarehe 1 Juni alishinda Belmont, mbio za takriban kilomita 2.4, licha ya kujikwaa mwanzoni. Kwa ushindi huo akawa farasi wa 7 kutwaa mataji matatu, yaani kushinda mbio hizo tatu za farasi wa umri wa miaka mitatu katika msimu mmoja, na mpaka leo yeye ndiye pekee aliyezaliwa Texas kufikia hapo. Alikimbia mara 42 katika maisha yake, akashinda mara 18, akajipatia dola 675,470, na 1964 aliingizwa katika orodha ya heshima ya mbio za farasi za Marekani.

Hata hivyo, sehemu yenye mafunzo zaidi ya maisha yake si ile ya ushindi. Mwaka 1947, baada ya kushinda mbio tano mfululizo, Assault alipangiwa kupambana ana kwa ana na Armed, farasi mwingine maarufu wa wakati ule, kwa zawadi ya dola 100,000. Kabla ya siku hiyo alipata uvimbe katika mfupa mdogo ulio chini ya goti, jeraha ambalo kwa mtazamaji wa kawaida halikuwa kitu likilinganishwa na ukwato uliopinda, lakini lilikuwa jeraha bichi linaloumiza. Alishindwa vibaya mno. Kasoro ambayo kila mtu aliiona haikuwahi kumzuia, na ile ambayo wachache tu waliijua ndiyo iliyomwangusha. Kwa sababu mbio hizo zilikwisha kutangazwa kote na watu walikuwa wakizisubiri kwa hamu, farasi alipelekwa uwanjani katika hali ambayo haikufaa, na uamuzi huo unastahili kulaumiwa hata baada ya miaka yote hii.

Assault hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Seabiscuit, aliyemshinda War Admiral katika uwanja wa Pimlico tarehe 1 Novemba 1938, alikuwa na magoti ya mbele yasiyonyooka sawasawa, na mguu wake mmoja wa mbele ulirushwa nje kila alipokimbia, kiasi kwamba waliompima kwa umbo lake walimwona hafai. Seattle Slew, aliyetwaa mataji matatu mwaka 1977 bila kushindwa hata mara moja, alikuwa na mguu wa mbele wa kulia uliogeukia nje, na alinunuliwa akiwa mdogo kwa dola 17,500 tu, bei ndogo kwa farasi wa daraja lake. Katika mbio za kasi hakuna alama zinazotolewa kwa uzuri wa hatua, hivyo mlango ulikuwa wazi kwa wanyama wa aina hii. Tatizo ni kwamba mlango huohuo ulikuwa wazi kwa mwenye farasi anayeumia, mradi awe na njia ya kuyaficha maumivu.

Njia hizo zilikuwapo tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 madaktari wa wanyama wa London walikuwa wakikata neva inayopeleka hisia kwenye ukwato, na farasi aliyekatwa neva hiyo aliacha kuchechemea mara moja, si kwa sababu amepona bali kwa sababu hasikii tena. Mnyama wa namna hiyo huendelea kuukanyagia kwa nguvu mguu uliooza ndani, mpaka uvunjike. Katika karne ya 20 dawa zilichukua nafasi ya kisu. Mwaka 1968 farasi Dancer's Image, ambaye viungo vya miguu yake vilijulikana kuwa vibovu, alivuka mstari wa kwanza katika Kentucky Derby, kisha vipimo vikaonyesha mabaki ya fenilibutazoni, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe ambayo wakati huo haikuruhusiwa siku ya mbio huko Kentucky. Alinyang'anywa ushindi, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limewahi kutokea katika historia ya mbio hizo, na kesi yake ikaendelea kwa miaka. Ukimweka Dancer's Image kando ya Assault utaona udhaifu wa jicho kama chombo cha ukaguzi, maana mmoja alichechemea bila kuumia sana, na mwingine aliweza kwenda sawasawa akiwa na viungo vibovu.

Michezo inayohukumiwa kwa macho ilichukua njia nyingine. Katika mchezo wa madaha, ambao farasi huonyesha hatua zake mbele ya majaji kwa mpangilio uliowekwa, na ambao umekuwamo katika Olimpiki tangu Stockholm 1912, usawa wa hatua ndio msingi wa alama zote, na kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, lililoundwa 1921, zinamtaka jaji mkuu amwondoe farasi anayechechemea waziwazi, uamuzi ambao haukatiwi rufaa. Kabla ya mashindano makubwa kuna pia ukaguzi wa miguu, shughuli fupi inayoweza kumwumiza mtu roho kuliko mashindano yenyewe. Farasi huletwa bila tandiko, akiwa na lijamu tu, kwenye njia ngumu iliyo tambarare. Mwenye kumwongoza hukimbia kando yake huku hatamu imelegezwa, kwa kuwa hatamu iliyokazwa huzuia kichwa kisitikisike na hivyo huficha ushahidi. Majaji na daktari husimama kimya wakitazama kichwa akija na nyonga akienda, na masikio yao yakihesabu midundo ya viatu. Yote huisha kwa chini ya dakika moja, na neno moja huamua kama miaka ya mazoezi itaendelea au itaishia hapo.

Kwa farasi mwenye kasoro ya kimaumbile isiyouma, kanuni hii ni kali, na wapanda farasi wengi wameiona kuwa dhuluma. Mwenye farasi anayeinua mguu wa nyuma kwa ghafla aweza kuwa na vyeti vya daktari vinavyothibitisha kwamba mnyama hateseki, lakini jaji aliye kitini hana njia ya kuthibitisha hayo, na vyovyote vile kazi yake ni kupima usawa ambao farasi huyo hana. Ukali huo una haki yake. Mchezo unaodai kuonyesha hatua kamilifu hauwezi kumpa taji farasi asiye nazo, na kanuni inayomwachia jaji nafasi ya kukisia aina ya kilema ingetumiwa kwanza na wale wenye cha kuficha. Mwenye farasi wa namna hiyo ana michezo mingine ya kumpeleka, kama vile kuruka viunzi katika mashindano ya nyumbani, endapo daktari ameridhika.

Jibu lenye busara zaidi lilitoka katika mbio za masafa marefu. Mwaka 1955 Wendell Robie na wenzake walipanda farasi kutoka upande wa Ziwa Tahoe hadi Auburn, California, njia ya milimani ya maili 100, yaani kama kilomita 160, ndani ya saa 24, na safari hiyo ikawa mashindano ya kila mwaka yanayoitwa Tevis Cup. Kutoka hapo ilikua desturi kwamba kufika hakutoshi: farasi husimamishwa njiani, mapigo ya moyo wake huhesabiwa, kisha hukimbizwa matiti mbele ya daktari kwenda na kurudi, na hata aliyetangulia wote hahesabiwi mshindi mpaka daktari aseme kwamba mnyama angeweza kuendelea. Madaktari wa farasi wa Marekani hutumia kipimo cha madaraja kuanzia 0 hadi 5, ambamo daraja la 3 ni kuchechemea kunakoonekana kila mara farasi anapokwenda matiti, na la 5 ni la mnyama anayeshindwa kuukanyagia mguu. Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba farasi hukaguliwa kabla hajaondoka, na hali yake ikaandikwa kwenye kadi, kwa hiyo daktari wa kituo cha tatu anaweza kumlinganisha mnyama na yeye mwenyewe wa alfajiri, badala ya kumlinganisha na farasi mkamilifu asiyekuwapo.

Mchezo huo ulienea hadi nchi za Ghuba, ambako farasi wa Kiarabu, mwepesi na mstahimilivu, alikuwa nyumbani, na mashindano ya dunia yaliyoanza Rome 1986 yalifanyika Dubai mwaka 1998. Lakini kwenye jangwa tambarare, ambako farasi aweza kukimbia kwa kasi ambayo njia za California hazikuruhusu, vifo na mivunjiko ya miguu iliongezeka, na Machi 2015 shirikisho la kimataifa lililisimamisha kwa muda shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya mwenendo huo. Utaratibu mzuri wa ukaguzi haukutosha pale ambapo kasi ilipewa heshima kuliko farasi.

Mambo yalipinduka kabisa huko Tennessee. Farasi wa Tennessee anayejulikana kwa mwendo wake, ambaye daftari la ukoo wake lilifunguliwa 1935, ana hatua ya asili isiyo ya kawaida: mguu wa nyuma huteleza mbele na kukanyaga mbali kupita alama ya mguu wa mbele, huku kichwa kikiitika kwa kila hatua, na aliye juu yake haruki tandikoni hata kidogo. Kutikisika kwa kichwa, ambako kwa farasi wengine ni dalili ya maumivu, kwake ni afya. Mashindano makubwa ya farasi hao yalianza Shelbyville mwaka 1939, na kufikia miaka ya 1950 majaji walikuwa wamependa hatua ya juu zaidi na zaidi ya miguu ya mbele, mpaka wakufunzi wakagundua njia ya mkato. Walipaka mafuta ya haradali, dizeli au kemikali nyingine kali kwenye ngozi iliyo juu ya ukwato, wakafunga minyororo ipigepige hapo, na wengine wakaweka vitu vigumu kati ya ukwato na soli nene zilizopigiliwa chini yake. Farasi aliyechomwa hivyo hunyanyua mguu juu kwa sababu hawezi kuvumilia kuukanyagia, na umati humshangilia.

Katika mbio za kasi ulemavu ulifichwa ili farasi aruhusiwe kukimbia, na huko Tennessee ulitengenezwa ili ushangiliwe. Seneta Joseph Tydings wa Maryland alipigania sheria ya kuwalinda farasi hao, ikatiwa saini tarehe 9 Desemba 1970, na kuanzia hapo ikawa kosa kumwonyesha, kumuuza kwa mnada au kumsafirisha kwa ajili hiyo farasi aliyeumizwa ili abadili mwendo. Kwa vile jicho halikuweza kutenganisha hatua ya asili na ile ya mateso, wakaguzi walitumia kidole gumba: huubinya mguu juu ya ukwato, upande wa mbele na wa nyuma, na farasi anayejivuta kwa maumivu hukataliwa. Wakufunzi wakajibu kwa dawa za ganzi zinazoisha nguvu kabla ya onyesho, na kwa kumpiga farasi nyumbani kila anapojivuta, ili ajifunze kusimama tuli anapobinywa.

Marekebisho ya 1976 yaliruhusu sekta yenyewe kutoa wakaguzi wake, na kwa muda mrefu mtu aliyemkagua farasi aliweza kuwa rafiki wa mwenye farasi, au mwenye farasi mwenyewe katika onyesho la juma lililofuata. Ukaguzi wa serikali wa 2010 ulikiri kwamba mpango huo ulijaa mgongano wa maslahi. Mwaka 2006, baada ya farasi wengi kukataliwa, Shelbyville ilimaliza mashindano yake bila kumtawaza bingwa mkuu. Mwaka 2024 Wizara ya Kilimo ilitoa kanuni za kuwaondoa wakaguzi wa sekta na kupiga marufuku soli nene na minyororo, lakini sehemu kubwa ya kanuni hizo ilipingwa mahakamani huko Texas na kubatilishwa kabla haijaanza kutumika.

Zaidi ya nusu karne ya sheria imeshindwa kulimaliza jambo ambalo majaji wa Tennessee wangeweza kulimaliza katika msimu mmoja, kwa kukataa kumpa utepe farasi yeyote anayerusha miguu kwa namna ambayo farasi mzima hawezi. Wajibu huo bado ni wao, na mpaka watakapoutimiza, kila taji wanalolitoa kwa hatua hiyo ni taji la mateso.